Sandwichi ya Mama Zaina haikuwa na kuku

Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, Kilosa yote tope. Viatu vimeloa, moyo mzito.

Ninyi mnaonisoma hapa mnakumbuka nilichoandika Jumanne. Naomba mkisahau. Hapana, msikisahau. Kisomeni pamoja na hiki.

Kanisani kwetu tuko kwenye mfungo wa siku ishirini na moja: nyama hapana, yai hapana, maziwa hapana. Nami kwa ulafi wangu nikaanza kulinganisha sandwichi za kuku asiye kuku, zile ambazo wapishi wa Mikumi walianza kuwakaangia wageni wa hifadhini wasiokula nyama, na sasa zimefika mpaka huku kwetu. Ya hapa kwetu, Magomeni ya Kilosa, ni ya soya. Imekolea pilipili manga, lakini ukiiacha ipoe unatafuna kandambili. Ya mgahawa wa stendi ya Mikumi ni ya uyoga. Unga wake wa nje unalia kachakacha, ila ndani majimaji matupu, yanatiririka hadi kwenye kiwiko. Niliziandika zote mbili kwa mbwembwe, nikajiona mtaalamu.

Ya tatu ilikuwa ya Mama Zaina.

Mama Zaina ana banda la chakula kando ya barabara kuu pale Mikumi. Mimi huwashonea mashuka wenye nyumba za wageni kule, na kila nikipeleka mzigo ninakula kwake. Miaka tisa sasa. Yeye Muislamu, mimi mlokole, na Ramadhani sinywi hata maji mbele yake. Wiki iliyopita nilimlalamikia kwamba soya inaniumiza jino. Jumanne nilipofika akanipa mkono wenye madoa meusi yanayonata, akacheka, akasema, "Leo nimekutengenezea ya kwako. Kula kwanza, usiniulize."

Nikang'ata. Nyuzinyuzi, laini, zinachambuka kama paja la kuku wa kienyeji. Nikaganda.

Ilikuwa saa saba mchana, banda limejaa madereva wa malori. Mmoja anayejua nimefunga aliponiona nimetoa macho akapaza sauti, "Mama mlokole kala kuku! Mfungo kwisha, mleteeni na supu!" Wakacheka wote. Laiti ningecheka nao.

Nilisimama, nikamwambia Mama Zaina kwa sauti ya mkutano wa injili, "Umenilisha kuku makusudi. Huna hofu ya Mungu wewe!"

Alifuta mikono kwenye kanga yake. Madereva wawili wakasukuma sahani zao, wakaanza kuulizana kama huyu mama anadanganya kuhusu kuku, na hii nyama yao je?

Nami nikarudi nyumbani nikaandika hapa kwamba analaghai watu.

Jana mzee anayeleta mafenesi kutoka Mamboya alipita kwangu. Nikamwamkia, nikamuuliza mbona kapakia na mabichi yasiyolika. "Haya ni ya yule mama mwenye banda Mikumi, mwanangu," akasema. "Anayachemsha, anayachambua, anayakaanga na unga. Ukila utaapa ni kuku."

Nikaukumbuka ule mkono. Utomvu wa fenesi. Nimekulia kwenye mifenesi mimi, ule weusi naujua tangu utoto, na nilikuwa nimeushika.

Leo nikapanda gari la kwanza. Nilijiambia nawahi kwa sababu ya mashuka. Uongo. Nilitaka nimkute peke yake.

Saa moja asubuhi nilimkuta anapanga mkaa. Nikapiga magoti, nikalia, nikaomba msamaha. Akaniinua. Akanifuta tope la goti kwa kanga ile ile. Kisha akasema polepole, "Mama Ester, mimi sina kinyongo, nimeshamwachia Mungu. Lakini maneno yale uliyasema saa saba, watu wamejaa. Msamaha mbona umeniletea saa moja, hata jiko sijawasha?"

Akaniambia tangu siku ile madereva wakiingia wanamtania, "Mama, huyu ng'ombe au punda?" Na wale waliokuwa wakila kwake kila safari, wengine wanapita moja kwa moja.

Nikamwambia nina haraka, gari la kurudi litaniacha.

Magari ya kurudi yapo hadi jioni. Yeye anajua. Mimi najua.

Siku kumi na mbili nimeulinda huu mdomo usiingize yai. Kutoa neno sikuulinda hata dakika moja.

Kesho ni Ijumaa, mchana atakuwa msikitini. Basi Jumamosi, saa saba, madereva wakiwepo. Nitaagiza ile ya fenesi, ambayo, niwe mkweli, inazishinda zile mbili kwa mbali, na ambayo sikumaliza hata nusu. Nitasimama palepale niliposimama.

Naogopa. Mchana huu nimejaribu kuyasema maneno yenyewe, niko peke yangu mbele ya cherehani, yakatoka kama mnong'ono.

Ee Bwana, nipe sauti ile ile ya Jumanne.