Siku Kumi na Nne za Makaa

Bonareri, uko? Naandika haraka, usiangalie makosa.

Nimetia sahihi uongo. Mimi, Emily, mwenyekiti wa kikundi cha makaa ya mianzi hapa Mosocho!

Unajua ile sheria mpya ya meli, makaa sasa ni mzigo wa hatari, eti yanaweza kuwaka yenyewe. Lazima yakae siku kumi na nne yapoe ndipo yafungwe kwa kontena. Nikahesabu kwa kalenda ya kanisa, kwa kalamu nyekundu, nikajaza fomu.

Leo Rashad, wakala wetu wa Mombasa, amenipigia. "Mama, ulihesabu kutoka siku gani?"

Nikamwambia, "Siku tuliwasha tanuri. Si ndiyo ya kwanza?"

Akanisomea fomu yangu pole pole.

"Mama, inahesabiwa kutoka siku makaa yalitoka kwa tanuri."

Na tanuri iliwaka siku tano! Kwa hivyo ni tisa. Tisa!

Roda, katibu wetu, ananiambia, "Nyamaza tu, meli inaondoka kesho, nani atajua?" Eti nani atajua. Watu walale katikati ya bahari juu ya moto wetu?

Nimemwambia Rashad azuie kontena. Akasema, "Mnunuzi hatangoja, Mama, unajua?" Nikasema najua, izuie.

Sasa wanawake wote wa kikundi wanakuja kwangu kuuliza kwa nini nimezuia pesa yao. Nasikia Roda akifungua lango. Njoo ukae karibu na mimi, hata usiongee.