Uzi wa Nne wa Gitaa Lako

Papa mpendwa,

Ungekuwepo ungenicheka. Juzi nilifika mazoezini na violini yangu, mwalimu akatuambia tulegeze uzi mmoja na kukaza mwingine mpaka sauti zake za kawaida zipotee. Tunapiga sonata ya Kijerumani ya karne ya kumi na saba, violini mbili, chelo na kinanda kidogo, na mtungaji ameagiza hivyo juu ya ukurasa. Noti inakuonyesha pa kuweka kidole, lakini inayosikika ni sauti nyingine kabisa. Nikakukumbuka kwenye kochi letu la Rinkeby, huku ugenini, ukitoa uzi wa nne wa gitaa na kuweka mwembamba mahali pake.

Unakumbuka tulipokwenda mjini kununua nyuzi? Muuzaji alisema kwa upole, "Den ska sitta längst ner," nami nikakutafsiria kwamba huo mwembamba hukaa chini kabisa. Ukamjibu kwa Kiswahili, kana kwamba anaelewa: "Kwetu iko inakaa hapa, na inaimba." Nilitamani ardhi inimeze.

Nilidhani ni ukaidi wako tu. Sasa sishibi kusoma. Wale Wajerumani waligeuza nyuzi ili violini moja isikike kama mbili, au kama tarumbeta. Baadaye bingwa wao mmoja akashusha uzi wa juu wa chelo katika kazi yake. Na mwingine, karne mbili hivi mbele, akapandisha violini nzima isikike kama ya mpigaji wa barabarani. Vitabu vinaeleza nani alijifunza kwa nani. Wewe je, ulijifunza kwa nani kule Uvira? Sikukuuliza hata siku moja, na inaniuma. Nitawauliza wazee wa kwaya uliyoimba nayo, mmoja mmoja.

Jumapili kwaya itaimba wimbo wako kule Tumba, kwa mara ya kwanza tangu tulipokuzika, na wameniomba nipige gitaa lako. Lakini nyuzi zote zimelegea na hakuna ajuaye ulivyoziweka. Mdogo wangu anasema, "Stäm den som vanligt," niliweke tu kama magitaa mengine. Nikifanya hivyo wimbo utabaki, ila mkono wako hautasikika tena.

Basi leo nimekaa jikoni kwa Mama nikijaribu. Nyuzi nyingine niliziweka kama kawaida, kisha nikakaza ule mwembamba, nikapiga mwanzo wa wimbo. Mama alikuwa anamenya ndizi, hata hakunitazama.

"Hapana."

Nikapandisha kidogo.

"Hapana. Iyo iko inalia bure."

Nikapandisha tena, roho mkononi, nikihofia utakatika. Nikapiga. Mama aliingia na sauti ya pili, pale pale alipokuwa akiingia ulipopiga wewe, akaimba mpaka mwisho, kisu mkononi.

Kisha akaniambia, "Sasa usiguse tena."

Sitagusa, Papa. Lala salama.

Kifungua mimba wako