Mto Chini ya Dirisha

Dada Hanifah,

Asalaam aleikum. Tumerudi Bwera salama, na kahawa uliyoagiza nimeipata. Ulitutuma Nyakalengija tukapumzike, mimi na Badiru, kwa sababu nilikulilia kwamba mume wangu amenichoka, nikimsemesha hanijibu.

Nyumba ya wageni imejengwa ukingoni mwa mto, na mto unanguruma mpaka wageni wanapaaza sauti mezani. Asubuhi Badiru alifungua dirisha, akatabasamu.

"Naimah, huku kuko kimya kweli."

Dada, miaka kumi na tano amefanya kazi kwenye kelele za mashine ya kusaga mahindi! Nilimshika mashavu, nikamgeuza aitazame midomo yangu, nikasema chai iko tayari.

Akanijibu.

Ile barua niliyokuandikia nikimlalamikia, tafadhali ichome.

Mdogo wako,
Naimah