King'ora Nilichokinyamazisha

Jumatano, 12 Februari

Barasa amefika saa moja asubuhi kutoka Section 58, mtaa wa Nakuru. Amekunywa chai ya mke wangu, Mama Ciru, vikombe viwili kama kawaida, kisha tukaingia kazini. Yeye ndiye fundi wangu wa ndege tangu niinunue.

Tumeiinua kwa jeki tatu humu hanga, banda lake kando ya uwanja wangu wa kutulia. Matairi yakaingia tumboni, yakatoka, yakaingia. Mara sita. Kisha akaniambia nirudishe mkono wa mafuta matairi yakiwa bado ndani. King'ora kikalia. Kazi yake ni hiyo tu: ukipunguza mwendo kama mtu anayetaka kutua, na hujatoa matairi, kinakupigia kelele mpaka uyatoe. Barasa akasikiliza kidogo, akatia sahihi kitabuni.

Ndege ina injini moja na viti vinne, lakini mbio zake si za mchezo. Kutoka hapa Njoro hadi Nairobi, nusu saa. Kwa barabara ni masaa matatu, na hapo foleni ya Gilgil iwe imekuwa na huruma. Napenda watu wakiinua vichwa kuniangalia. Hilo siwezi kumwambia mtu.

Jumamosi ni ruracio, siku ya mahari, ya binti yetu Ciru. Wakwe wanatoka Kericho. Kaka yangu Muchiri amepiga simu mara mbili kunikumbusha kwamba wageni wakiimba langoni, baba wa msichana hukutwa ameketi na wazee wake. Nimemjibu sawa. Muchiri hunichosha.

Ijumaa, 14 Februari

Nimewapeleka mchungaji na shangazi wawili wa Ciru kuona mlima Longonot kutoka juu. Kulizunguka lile shimo la volkano ili watu wapige picha lazima uende polepole. Nikapunguza, king'ora kikaanza. Shangazi mkubwa akaanza kuomba kwa sauti. Mchungaji akashika kiti changu kwa nyuma.

Nikavuta fyuzi ya king'ora. Kimya. Nikawaambia ndege imetulia sasa, na wote wakacheka.

Kesho nitaruka asubuhi. Nimemwambia Mama Ciru naenda kujaza mafuta Nakuru. Ukweli ni kwamba wageni wakiwa langoni wanaimba, mimi nitatokea juu yao. Waone binti wanayemwoa anatoka wapi.

Jumamosi, 15 Februari

Matairi yamekataa kutoka. Ndege imelalia tumbo mbele ya wakwe wote. Propela imepinda. Hakuna aliyeumia. Nimeshika kipaza sauti cha MC nikasema fundi amenimaliza leo. Barasa alikuwa amesimama hapo hapo, mgeni kama wengine, koti mkononi. 

Ruracio iliendelea. Sikumbuki nilikula nini.

Jumapili, 16 Februari

Kanisani mchungaji amemshukuru Mungu kwa kuniokoa na uzembe wa wanadamu. Watu wakasema amina. Na mimi nikasema amina.

Jumanne, 18 Februari

Hata hapa nimedanganya. Daftari ninalofungia kwa droo, lisilosomwa na mtu, na bado nikaandika matairi yamekataa. Mzee mzima.

Matairi hayakukataa. Sikuyatoa.

Nilipita mara ya kwanza chini kabisa juu ya lango, nikaona vitambaa vya akina mama, nikaona magari kumi na kitu ya wageni. Nikageuka nitue. Macho yalikuwa kwa watu. Nikawaona wanapunga mikono, wazee wa watu, hata vijiti vyao vya kutembelea viko juu. Barasa alikuwa anakimbia ukingoni mwa uwanja akipeperusha koti lake. Nikasema moyoni, leo hata Barasa amefurahi. Nikamtikisia mabawa.

Walikuwa wananionya.

King'ora hakikulia kwa sababu fyuzi yake niliivuta mwenyewe Ijumaa kule Longonot, na sikuirudisha. Niliisahau kabisa. Niliikumbuka tumbo la ndege likikwaruza udongo, nikiwa bado ndani ya vumbi. Kwa hivyo niliposhika kile kipaza sauti, nilikuwa najua.

Nimeandika. Nafunga droo.

Alhamisi, 20 Februari

Nimekula nyama choma kule Kikopey na Gathogo, yule mwenye shamba la maua Naivasha, mwenye ndege pia. Amenipa pole. Akasema ameiondoa ndege yake kwa Barasa, na jirani yake naye ameiondoa yake. "Huyo mzee ameisha," akasema. "Mtu anaweza kukuzika."

Nilikuwa na mfupa mdomoni. Ningeutoa nikaongea. Niliendelea kutafuna. Gathogo akaagiza kilo nyingine, nikala na hiyo.

Ijumaa, 21 Februari

Barasa amekuja kuchukua vyombo vyake. Mama Ciru akamwekea chai, yeye akasema ameshakunywa. Hajawahi kuikataa hata siku moja.

Nilimfuata hanga. Alikuwa anapanga spana kwenye sanduku, moja moja, akizipangusa. Hakuniangalia. Akasema, "Mzee, ile fyuzi ikiruka yenyewe, ni kwa sababu kuna waya umeungua. Nimefuata huo waya wote. Ni mzima. Ile ilivutwa."

Akapangusa spana nyingine.

"Jumatatu watu wa leseni za ndege wanakuja. Mimi nikiulizwa nitasema waya ni mzima. Ya kusema nani aliivuta, hiyo ni yako."

Akafunga sanduku, akalifunga nyuma ya pikipiki kwa mpira. Miaka thelathini ametia sahihi ndege za watu na hakuna hata moja iliyoanguka kwa mkono wake. Bila hiyo sahihi yeye ni mzee mwenye spana tu.

Nilitaka kumwambia samahani. Nikamwambia aendeshe pole pole, barabara ina vumbi. Mimi ni mtu wa namna gani?

Jumapili, 23 Februari

Nimeandika taarifa ya kesho mara mbili. Ya kwanza inasema sijui. Ni nzuri sana, haina shimo. Fyuzi inaweza kuguswa na yeyote, hata abiria kwa goti. Mama Ciru ameisoma yote, akanirudishia, akaniuliza kama nitampa Ciru aisome pia. Kisha akaenda kulisha kuku.

Ya pili ina mistari minne.

Jumatatu, 24 Februari

Wamekuja wawili, mwanamke na mwanamume. Barasa alikuwepo, amevaa lile koti la Jumamosi. Nimetoa ile ya mistari minne.

Yule afisa mwanamke akaisoma, akasema, "Rudia hapo pa fyuzi, kwa mdomo wako." Nikarudia. Niliivuta mimi, ili wageni wangu wasiogope. Sikuirudisha. Sikutoa matairi. Fundi hana kosa. Sauti yangu ilitoka nyembamba, nikaichukia.

Leseni yangu wameenda nayo. Ya Barasa hawakuigusa. Alitoka nje bila kuniangalia, akawasha pikipiki.

Nilidhani nitasikia nafuu. Wapi. Karatasi imesomwa na watu wawili. Kipaza sauti kilisikika mpaka kwa jirani.

Nimempigia Gathogo. Amecheka kwanza, akidhani ni mzaha. Halafu akasema ana mgeni, akakata simu.

Jumamosi, 1 Machi

Kericho. Mimi na Muchiri. Kurudi kwa wakwe kabla ya kualikwa si desturi, na Muchiri aliniambia hivyo njia nzima, lakini alikuja.

Walituketisha, wakatupa mursik, maziwa yao ya mgando. Nikasimama kabla sijaulizwa. Nikasema siku ile nilipaswa kuwa nimeketi nyumbani nikiwangoja, na sikuketi, kwa sababu nilitaka mnitazame. Nikasema la matairi. Nikasema la fyuzi. Nikasema fundi niliyemtukana mbele yenu ndiye aliyekimbia kuniokoa.

Hakuna aliyeshtuka. Hicho ndicho kilichonimaliza.

Mzee wao, arap Langat, babu ya bwana harusi, akaweka kibuyu chini. "Tuliona matairi hayapo," akasema. "Tulikupungia, wewe ukatuchezea mabawa. Tumekuwa tukingoja useme. Tulikuwa tunajiuliza tunaoa kwa nani."

Wiki mbili walikuwa wanajua. Walikula mbuzi wangu wakijua, wakanisalimia kwa mikono miwili wakijua, na msichana wangu alikuwa akipimwa kwa ulimi wangu. Ciru hakuniambia. Nilipomuuliza kwa simu jioni, alisema na yeye alikuwa anangoja.

Muchiri ndiye aliyeendesha kurudi. Hakusema, "Nilikwambia." Ingekuwa afadhali aseme.

Jumapili, 2 Machi

Nimeomba dakika moja kanisani. Nimesema yote. Mchungaji aliangalia viatu vyake. Hakuna aliyesema amina.

Alhamisi, 13 Machi

Barasa amekuja. Nilikuwa nimempigia mara nne, hakushika, halafu leo asubuhi nikasikia pikipiki.

Ndege iko juu ya jeki. Propela mpya itachukua miezi, na mimi bado sina leseni, lakini alitaka kuangalia matairi. Tumefanya kazi hadi saa sita. Nilikuwa nampa spana. Anasema namba, nampa. Maneno mengine hakuna. Gathogo amemrudishia ndege yake. Jirani yake Gathogo, bado.

Matairi yakaingia, yakatoka, yakaingia. Kisha akaniambia nipande, nirudishe fyuzi mahali pake, nirudishe mkono wa mafuta.

King'ora kikalia. Ndani ya hanga ya mabati kinaumiza masikio. Nikanyoosha mkono niyatoe matairi.

"Acha kilie," akasema.

Nikaacha. Nilikaa hapo na mikono yangu kwa magoti, naye amesimama kando ya bawa, tukisikiliza. Sijui ni muda gani. Kuku wote walikimbia. Ndipo akasema imetosha, akatia sahihi kitabuni.

Mama Ciru alikuja na chai. Barasa akamshukuru vizuri, akamuuliza habari ya Ciru. Kisha akatoa thamosi yake kwenye sanduku la spana, akajimiminia chai yake mwenyewe.