Mvule Usiozaa

Baba,

Shikamoo. Najua ungeitikia marahaba, kisha ungeuliza habari za miti kabla ya habari za wajukuu. Basi nianze na miti, ingawa ndiyo inayonitia aibu.

Tangu viwanda vya minofu vifunguliwe mjini, kila mtu anataka mtumbwi wa kuvulia sangara, na mitumbwi inataka mbao. Wanunuzi walifika mpaka kwetu Kayenze, kwenye mivule yako miwili pale chemchemi. Masanja mdogo wangu alitaka tuiuze yote. Nilimkatalia, Baba, nikajiona shujaa. Nikasema, "Wachukue ule usiozaa. Ule wa matunda tubaki nao, tupate mbegu za kurudishia msitu wa Baba."

Wakaukata. Mama hakutoka ndani siku nzima.

Nikafanya kama ulivyokuwa ukifanya. Nikaokota matunda, hata yaliyodondoshwa na popo, nikaosha mbegu, nikazipanda kwenye makopo yako yenye kutu. Misimu miwili nikamwagilia. Hakuna kilichoota. Nikamwita bwana misitu. Akatazama kisiki, akatikisa kichwa: "Dada, huyu ndiye aliyekuwa dume. Bila yeye mbegu za yule hazioti. Mmemfanya mjane."

Nililia palepale, mtu mzima mimi. Nikakumbuka asubuhi zako, kofia mkononi, ukiisalimia miti yote miwili kwa Kisukuma, "Mwangaluka! Mwangaluka!" Nami nakucheka, nakuuliza huyo tasa unamwamkia wa nini. Ulitabasamu tu. Kwa nini hukuniambia? Au uliniambia, nami nilikuwa nacheka?

Lakini sikiliza. Ile miche uliyoiotesha kabla hujaugua bado ipo, kumi na mmoja, imenifika kiunoni. Bwana misitu anasema dume ni upi haitajulikana mpaka itoe maua, na siku hiyo huenda hata mimi sipo. Masanja amechimba mashimo kuzunguka chemchemi, wala hakuna aliyemtuma. Tumeihamisha yote, tumeizungushia miiba mbuzi wasiifikie. Ungemwona alivyokuwa akiibeba, ungemsamehe.

Pumzika, mzee wangu. Nakuahidi hautang'olewa hata mmoja nikiwa hai. Kila asubuhi nikienda kuteka maji naiamkia yote, mmoja mmoja, kwa sababu sijui mume ni yupi.

Mwanao,
Kabula