Sufuria ya Pilau na Breki za Arbab

Mama Tunu,

Chai imo kwenye chupa, maandazi nimeyafunika. Pilau ya leo pikia sufuria ya madam, nimeshamwomba. Yako imekatika mkono mmoja, na aliyeukata ni mimi.

Najua uliibeba kwenye begi kutoka Tanga. Naomba usome mpaka mwisho. Lile gari la zamani la tajiri wetu, arbab, lina injini kubwa kama friji, na breki zake ni ngumu mno. Tangu apasuliwe goti hawezi kuzikanyaga sawasawa, na juzi gari lilisimamishwa na geti. Ndiyo maana akanunua busta mbili, yale madude ya duara ya kuupa mguu nguvu kwenye breki. Leo alfajiri nikajaribu ile pana, ikagonga injini. Ndogo ilikuwa bado kwenye boksi, na muuzaji alisema boksi likifunguliwa hairudishwi. Nikasoma upana wake ulioandikwa, nikaona ni sawa kabisa na sufuria yako.

Nikaipima pale pa busta, ikaingia vizuri. Kutoka ikagoma, mpaka nikaukata mkono wake. Nikiwa bado naukata, arbab akaja, akachungulia, akauliza, "Shomari, hii busta ya nchi gani?"

Nikamjibu, "Ya Tanzania, arbab."

Alicheka mpaka akashika goti.

Basi ile ndogo nimeifunga, imeenea, na breki inashika kwa kidole gumba tu. Sasa anataka tuijaribu barabarani mpaka mtaa wa Al Twar. Madam amekataa kupanda. Anaendesha arbab mwenyewe, mimi nakaa pembeni.

Nitarudi ~~saa saba~~ inshallah.

Baba Tunu