Walidhani Nimekuja Kumrudisha Elodie

Muhumba, Bukavu
Jumapili, 14 Julai 2024

Mpendwa yaya Colombe, dada yangu mkubwa,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka huku nyumbani. Mgongo unaendeleaje? Na huko Liège mmepata hata wiki moja ya jua? Sisi tuko wazima. Kiangazi kimeingia, vumbi linakula vitabu vyangu, na mimi bado nagombana na watu redioni kila Jumatano.

Elodie amenisamehe. Nimeliandika hilo mapema kwa sababu nakujua, ungeruka mistari yote kulitafuta.

Ulinishauri nimwandikie ujumbe wa WhatsApp. Nilikataa na bado nakataa. Siku hizi mtu anakutukana sokoni, halafu anakuomba msamaha akiwa amejifungia chumbani na simu. Anaandika "samahani kama nilikuumiza", anaongeza picha ya maua, analala. Kama? Hajui? Mimi nilijua. Siku ya kuachana kwetu nilisimama katika uwanja wa wazazi wake, Kadutu, nikataja makosa yake mbele ya familia zote mbili, kwa ufasaha uleule ninaosifiwa redioni. Watu walicheka. Mama yake alikuwa ameketi pale. Elodie aliondoka.

Basi msamaha ulipaswa kuombwa palepale, mbele ya walewale. Sikutaka anirudie. Ana maisha yake, nami nina yangu. Nilitaka anisamehe, na tukikutana njiani tusimame tuongee kama marafiki.

Nikafanya mambo kwa heshima. Nilinunua mbuzi, nikaagiza kasiksi, ile pombe ya ndizi ya Idjwi anayoipenda baba yake, nikamwomba tonton Bisimwa, mjomba wetu, awe msemaji wetu. Hapo ndipo nilipokosea. Tonton maisha yake yote ametumwa kazi moja tu, kuposa. Jumamosi ya wiki iliyopita alivaa koti lake la harusi, na tulipompandisha mbuzi kwenye vijia vya Kadutu, wanawake waliacha kufua wakatufuata.

Tulipofika uwanjani, tonton alikohoa, akasema: "Bakwe, mu nyumba hii muko maua moja ya muzuri. Njo tulikuya juu yake."

Vigelegele vikapigwa hadi kwa majirani. Maman Bibiane, mkwe wangu wa zamani, ambaye hajaacha kusali novena ili turudiane, alianza kucheza na kitenge begani. Guy, kaka yake Elodie, hakupoteza muda: "Na faini iko wapi? Muke harudiake na mbuzi tu. Tunaomba ngombe." Na tonton, badala ya kukanusha, akaanza kujadiliana naye kama ng'ombe huyo awe dume au jike.

Yaya, nilikauka. Unajua desturi: mwenye haja hafungui kinywa, msemaji ndiye kinywa chake. Na hata ningefungua, ningesema nini? Kwamba sikuja kumchukua? Ningekuwa nimemkataa Elodie mbele ya watu, katika uwanja uleule, mama yake akicheza. Mimi ninayewanyamazisha maprofesa nilisimama tu nimeshika kamba ya mbuzi.

Ndipo wakamwita Elodie mwenyewe, aseme kama anawajua wageni na kama vitu vyao vipokelewe. Alitoka jikoni akifuta mikono, akamtazama mbuzi, akanitazama mimi.

"Ninabajua," akasema. "Mbuzi muifunge kule nyuma. Bwana mumurudishe kwake."

Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Guy akamsihi: "Dada, fikiri kwanza."

"Nilisha kufikiri. Venant, weye hukukuya kunichukua, uso yako inasema. Ulikuya juu ya nini? Sema mwenyewe. Na ufupishe, maji iko ku moto."

Nilikuwa nimeandaa hotuba nzima. Ilinipotea yote. Nikasema: "Nilikutukana hapa, mbele ya mama yako. Nilifanya vibaya. Unisamehe, na ukipenda tuwe marafiki."

Akauliza: "Ni yote?"

"Ni yote."

"Maman," akamwambia mama yake, "huyu mutu ni mugonjwa. Mumupe kiti."

Kisha akamimina kasiksi, akaionja yeye kwanza, kama anavyofanya mtu asiyekutakia mabaya, akanipa kikombe. Nilikunywa. Machozi yalinitoka nikasingizia moshi wa jikoni, na hakuna aliyeniamini. Maman Bibiane alinuna kidogo, akauliza kama mbuzi anabaki. Alipoambiwa anabaki, akaenda kutafuta chumvi.

Jumatano hii, nilipotoka tu kwenye kipindi, simu ikalia. Ni Elodie. Alikuwa amenisikiliza, na kwa maoni yake nilikosea tangu mwanzo hadi mwisho kuhusu takataka za soko la Kadutu. Tulibishana hadi chaji yangu ikaisha. Katika jambo moja alisema kweli, nami sitakutajia ni lipi. Miaka yote niliyoishi na mwanamke huyu, sijui nilikuwa namsikiliza nani.

Nisalimie shemeji Ulrich na mwanetu Gloire. Mwambie Gloire asome, lakini asikubali kila anachosoma. Tonton Bisimwa anakusalimu sana. Bado hajaelewa kilichotokea na anawaambia watu kwamba posa ilipokelewa vizuri.

Elodie naye anakusalimu. Nilimwuliza jana nikuandikie nini kutoka kwake, akanijibu: "Mwambie Colombe niliachana na weye, sikuachana na yeye. Anipigiye simu."

Mungu akupe afya, akufungulie njia ya kuja kutuona.

Mdogo wako asiyechoka kukupenda,
Venant